Dakika Hamsini za Jaldesa

Mtoto alitoka saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Kondo la nyuma halikutoka.

Zahanati ilikuwa na vitanda viwili, mizani moja, bango lenye picha ya mama anayetabasamu, na kufuli tatu. Muuguzi hakuwepo. Muuguzi huyo, Adnan, ambaye kijiji kizima kilimwita daktari ingawa hakuwa daktari, alikuwa mjini Garsen kwa siku ya pili, kwenye semina ya kupunguza vifo vya akina mama. Chumba cha kujifungulia alikiacha wazi. Kila kitu cha maana kilichokuwemo alikifunga.

Aliyempokea mtoto ni Priscilla, mhudumu wa afya wa kijiji. Kazi yake kwa maandishi ni kutembelea nyumba, kupima mikono ya watoto kwa utepe na kuwaambia wajawazito waende zahanati. Kuzalisha haruhusiwi. Mwaka uliopita alimzalisha mwanamke kando ya kisima, mama na mtoto wakawa salama, na shukrani aliyopewa ilikuwa barua ya onyo.

Abdia alikuwa amelala chali juu ya plastiki, mtoto kifuani, amechoka lakini macho yako wazi. Kamba ya kitovu ilikuwa imeshakatwa. Kipande kilichobaki kilining'inia kati ya mapaja yake, kimefungwa uzi, hakisogei.

Jaldesa, mumewe, baba wa Galgalo, mtoto wao wa kwanza, alisimama mlangoni na fimbo yake.

"Ametoka?" akauliza.

"Mtoto ametoka. Msichana. Kondo bado," Priscilla akasema.

Jaldesa alishusha pumzi. Kondo kwake lilikuwa jambo dogo. Siku za soko yeye hupakia ng'ombe kwenye malori Garsen. Siku nyingine zote ni mkono wake unaotafutwa. Ndama akikaa vibaya, anaitwa Jaldesa. Kondo likigoma, anaitwa Jaldesa. Waorma wafugaji na Wapokomo wakulima wote wanamwita, hata wale ambao mwaka wa ukame hawakusalimiana naye. Ameshatoa kondo za ng'ombe zisizohesabika na hajapoteza hata mnyama mmoja, na jambo hilo hulisema mwenyewe bila kuulizwa.

Priscilla aliandika saa kwenye daftari lake, kama alivyofundishwa. Akamweka mtoto kwenye ziwa, maana mtoto akinyonya kizazi hukaza. Akamsaidia Abdia kukojoa kwenye beseni. Akangoja. Saa tatu kasoro dakika kumi akainuka.

"Nusu saa imepita, Baba Galgalo. Sisi tulifundishwa nusu saa. Kondo likipita hapo, mama anapelekwa mbele, hospitali."

"Nusu saa?" Jaldesa akacheka. "Dada, hii kitu mimi naijua. Ng'ombe inalala nayo mpaka kesho, asubuhi inaitupa yenyewe. Ukikimbilia kuvuta ndiyo unaua. Unafunga kijiwe kidogo kwenye kile kinachoning'inia, unangoja."

"Jaldesa," Abdia akasema kitandani, "mimi pia utanifungia jiwe?"

"Nitakufungia kiatu changu."

"Kiatu chako ni kizito kushinda jiwe. Na kinanuka."

Wakacheka wote watatu, na hapo ndipo kosa lilipoingia. Damu ilikuwa kidogo. Mama alikuwa anatania. Mwanamume mwenye mkono unaoaminika na tarafa nzima alikuwa amesema wangoje. Na Priscilla alikuwa na barua ya onyo nyumbani. Akipiga simu kwamba amezalisha tena, hiyo ingekuwa ya pili, na ya tatu huwa hakuna, ni kufukuzwa. Akakaa kwenye kiti. Jaldesa akatoka kununua maziwa.

Alirudi saa nne kasoro dakika ishirini. Abdia alikuwa amenyamaza.

Damu haikuja kwa kishindo. Ilikuwa imejaza kanga, ikafuata mkunjo wa plastiki, ikashuka mguu wa kitanda na kuelekea mfereji wa maji machafu, taratibu, kama inayojua njia. Priscilla alikuwa anasugua tumbo la Abdia kwa ngumi.

"Liwe gumu!" alikuwa anasema. "Kaza, mwanangu, kaza!"

Lakini tumbo lilikuwa laini kama unga uliokandwa.

"Hiyo damu ya nini?" Jaldesa akauliza. "Kondo bado liko ndani. Damu inatoka wapi?"

"Huko huko."

"Ng'ombe haitoki damu hivi."

Priscilla aligeuka. Jasho lilikuwa linamtoka puani.

"Ng'ombe ana vifungo, Baba Galgalo! Wewe mwenyewe umevishika. Themanini, mia, kila kimoja kimejishikia peke yake, kimoja kikiachia hakuna neno. Mtu hana vifungo, ana bonge moja tu. Moja! Limeingia ndani ya nyama ya kizazi kama mzizi, mishipa ya mama imefunguka inalimwagia damu miezi tisa. Humo ndimo mtoto alipata pumzi, chakula, kila kitu. Sasa limeachia nusu, nusu limeng'ang'ania. Kizazi hakiwezi kujifunga. Mishipa iko wazi. Umeelewa sasa?"

Jaldesa alielewa. Maziwa yalikuwa bado mkononi.

Ndani ya friji ya zahanati kulikuwa na dawa ya sindano inayokaza kizazi. Friji ilikuwa na kufuli. Ufunguo alikuwa nao Adnan. Priscilla akaweka simu kwenye kizingiti cha dirisha, mahali pekee panapopata mtandao, akapiga. Mara ya sita Adnan akapokea kwa kunong'ona.

"Niko ndani ya kikao, Priscilla."

"Abdia wa Jaldesa amezaa. Kondo halijatoka, anavuja damu. Nataka ufunguo wa friji."

"Nani amemzalisha?"

"Adnan, ufunguo."

"Nani amemzalisha, nimeuliza. Unajua barua yako inasema nini?"

Jaldesa akaichukua simu. "Daktari, mimi Jaldesa. Mke wangu anakwisha. Navunja hii kufuli."

"Usivunje! Hiyo ni mali ya serikali, mzee, utalala ndani. Natuma ufunguo na boda, anakuja saa hii."

Wakangoja boda. Priscilla alisugua tumbo mpaka akachoka, Jaldesa akampokea, akasugua yeye. Boda hakuja. Kutoka Garsen ni kilomita kumi na nane, na boda yeyote angezimaliza kwa nusu saa. Baadaye ilijulikana kwamba Adnan alimpa kijana ufunguo bila nauli, akamwambia atalipwa akifika. Kijana akapata abiria wa kulipa pale pale, akaenda naye upande mwingine, na ufunguo mfukoni.

Jaldesa akachukua jembe la mtunza bustani. Kufuli ilivunjika kwa pigo la pili.

Ndani ya friji kulikuwa na joto. Mtungi wa gesi ulikwisha tangu mwezi uliopita, na ombi la mtungi mpya lilikuwa limeandikwa, likasainiwa, likawekwa kwenye faili. Chupa ndogo za dawa zilikuwa zimepangwa vizuri, vuguvugu kama mayai yaliyotoka kulaliwa sasa hivi. Karibu nazo kulikuwa na soda mbili na kopo la siagi iliyoyeyuka.

"Hii ikikaa joto inakufa," Priscilla akasema. "Inakuwa maji."

"Mdunge."

"Siruhusiwi kudunga."

"Dada."

Alimdunga. Aliandika: saa tano kamili. Tumbo halikufanya kitu.

Gari la wagonjwa lilikuwa Garsen. Priscilla alishapiga simu mapema kwa Sadik, afisa anayelitoa, akaambiwa angoje. Sasa akapiga tena.

"Barua ya rufaa iko wapi?" Sadik akauliza.

"Wa kuiandika yuko huko kwenu, kwenye semina."

"Basi hakuna rufaa. Bila rufaa gari halitoki. Nikitoa gari bila karatasi, mafuta nayalipa mimi. Unajua petroli imefika ngapi?"

"Mtu anakufa, bwana Sadik."

"Wote wanaopiga simu hapa wanasema hivyo. Mwenye zahanati anipigie mwenyewe, nitaona."

Mwenye zahanati alikuwa amezima simu. Wakapiga, wakangoja, wakapiga. Mara moja Sadik alisema gari limeanza safari. Mara ya pili alisema linatafutwa dereva. Mara ya tatu alisema yeye hakuwahi kusema limeanza safari.

Aliyepita ni Changawa, na pikapu imejaa mikungu ya ndizi za mtoni, anakimbilia maduka ya Garsen kabla hazijaiva zote. Jaldesa alisimama katikati ya barabara na kufungua mikono.

"Wewe Jaldesa, umelogwa?" Changawa akafoka. "Breki zangu za kubahatisha!"

"Shusha ndizi."

"Nishushe ndizi niende na nini?"

"Mke wangu."

Changawa alichungulia mlangoni mwa zahanati. Akarudi, akapanda nyuma na kuanza kuvurumisha mikungu kandokando ya barabara, mmoja baada ya mwingine, akiitukana kila mmoja. Walimlaza Abdia kwenye godoro la zahanati. Priscilla akapanda naye, mtoto amemfunga kifuani, ngumi yake bado juu ya tumbo. Ilikuwa saa sita na dakika tano.

Barabara hiyo iliharibiwa na mafuriko na haijatengenezwa; imepigwa picha tu. Dakika arobaini Jaldesa alishika kichwa cha Abdia kisigonge bodi.

"Nasikia baridi," Abdia akasema. Jua lilikuwa utosini.

"Tunafika."

"Umekunywa yale maziwa?"

"Sijakunywa."

"Kunywa. Wewe ukiwa na njaa unagombana na watu."

Garsen hakukuwa na hospitali ya upasuaji, na pikapu ya Changawa isingefika iliko. Walipoingia Garsen saa saba kasorobo, gari la wagonjwa lilikuwa kivulini kwenye ua wa ofisi ya afya. Dereva alikuwa ameketi kwenye ngazi yake anatafuna mua. Magurudumu yalikuwa yameoshwa yakang'aa. Jaldesa alirukia mlango wa nyuma. Ulikuwa umefungwa.

"Buda, tulia," askari wa geti akamwambia. Alikuwa kijana mwenye miwani ya jua. "Hapa bila stampu hakuna kitu inasonga. Ona bosi."

Bosi ni Sadik, nyuma ya meza, na feni yake imemwelekea yeye peke yake.

"Mgonjwa yuko nje," Jaldesa akasema. "Yuko hapo. Simama utamwona kwa dirisha."

"Kumwona si kazi yangu, mzee. Mimi si daktari. Leta rufaa, saini na muhuri, gari litoke sasa hivi. Hata mimi nataka litoke."

Jaldesa alikimbia mpaka ukumbi wa semina. Walikuwa kwenye foleni ya chakula. Kulikuwa na pilau, kuku, na matikiti yaliyokatwa kama maua. Adnan alikuwa na kadi ya jina shingoni na sahani mkononi. Alipomwona Jaldesa, na damu iliyokauka mpaka kwenye viwiko, aliiweka sahani chini.

"Ufunguo haukufika?"

"Andika."

Adnan aliandika pale pale kwenye meza ya chakula, mwandiko ukiyumba. Akasaini. Kisha akajipapasa mifukoni, na uso wake ukabadilika.

"Muhuri uko zahanati. Kwenye droo."

"Droo iko wazi?"

"Imefungwa."

Wakarudi wawili kwa Sadik. Adnan alijieleza mwenyewe, akasema yeye ndiye mwenye saini, amesimama hapa, anajulikana. Sadik aliigeuza karatasi mbele na nyuma.

"Nakujua, Adnan. Karatasi yako ndiyo siijui. Nitafutie muhuri wowote wa afya, hata wa ofisi ya chanjo."

Mwenye muhuri wa ofisi ya chanjo alikuwa ameenda kula. Hakuna aliyejua anakula wapi. Jaldesa alizunguka hoteli tatu akiuliza, na huko nje, kwenye pikapu, Changawa alikuwa amevua shati na kulitanda juu ya uso wa Abdia kumkinga jua, naye Priscilla alikuwa anamtukana askari wa geti kwa Kipokomo, polepole, neno moja moja, ili asikose hata moja. Saa nane kasoro dakika tano muhuri ukagonga karatasi. Gari likatoka. Sadik naye alipanda, kiti cha mbele, na begi dogo. Safari ya nje ya tarafa ina posho ya kulala.

Hospitali kubwa ilikuwa saa moja na nusu kwa king'ora. Walifika saa tisa na dakika ishirini na tano. Daktari wa upasuaji, mwanamke wa pwani aitwaye Ilham, alimtazama Abdia mara moja tu, akageuka na kuanza kukimbia na kitanda. Hakuuliza karatasi.

Saa kumi na moja akatoka na kofia mkononi. Jaldesa na Priscilla walisimama.

"Yuko hai," akasema. "Tumemwongeza chupa nne za damu. Pengine usiku tutaongeza nyingine. Mzee, keti."

"Nasimama."

"Kondo tumelitoa, lakini kizazi kilikuwa kimechoka kabisa. Hakikukaza. Tulijaribu kila kitu, damu haikusimama. Tumekitoa."

"Kizazi."

"Ndiyo. Pole sana."

Jaldesa alitazama ukuta nyuma ya kichwa cha Ilham. "Ningemleta asubuhi?"

Ilham aliikunja ile kofia. Alikuwa na sura ya mtu aliyekwisha kulijibu swali hilo mara nyingi.

"Asubuhi lingetolewa kwa mkono," akasema. "Dakika kumi. Angerudi nyumbani kesho yake."

Priscilla akaanza kulia, mtoto kifuani. Jaldesa hakulia. Aliketi kwenye benchi, na hapo ndipo Sadik alipomfikia, ameoga, amebadili shati, na ubao wa kuandikia kwapani.

"Pole, mzee wangu. Shukuru Mungu mama yuko hai. Nina karatasi ndogo tu hapa, gari linatakiwa kurudi na taarifa. Weka saini hapa chini, au dole gumba."

"Inasema nini?"

"Ni ya kawaida."

Jaldesa aliacha shule darasa la nne. Kusoma anasoma, akipewa nafasi. Aliichukua ile fomu na kuisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Mahali pa jina na umri wa mgonjwa palikuwa patupu. Mahali palipoandikwa sababu ya kuchelewa palikuwa pamekwisha kujazwa kwa kalamu ya buluu: Familia ilikataa kumtoa mgonjwa, ikafuata imani ya kienyeji ya wafugaji.

"Nani alikwambia hii?"

"Dereva alimsikia huyu mama akisema njiani. Ulisema mngoje kama ng'ombe. Ulisema au hukusema?"

Priscilla alifuta macho kwa mkono, akafungua mdomo, Jaldesa akamnyamazisha kwa kidole.

"Nilisema," akajibu. "Nilingoja kutoka nusu saa kuisha mpaka damu. Dada, daftari lako linasema ni muda gani?"

Priscilla akafungua. "Dakika hamsini."

"Andika dakika hamsini, bwana Sadik. Ni zangu. Sitazikataa hapa wala kaburini. Sasa andika na zenu."

"Fomu ina mstari mmoja, mzee."

"Ongeza."

"Haiongezwi. Weka saini, watu wamechoka."

Jaldesa alinyoosha mkono, akaitwaa kalamu kwenye vidole vya Sadik. Akaigeuza fomu upande mweupe, akaiweka juu ya goti. Priscilla akawa anamsomea kutoka kwenye daftari, naye anaandika, herufi kubwa kubwa zilizoinama kama za mtoto, ulimi umebana kwenye kona ya mdomo. Wauguzi wawili walisimama kutazama.

"Upande huo hausomwi na mtu," Sadik akasema. "Unajichosha. Hata nikiupeleka, unafungwa kwenye faili hivyo hivyo."

Jaldesa aliendelea kuandika. Alichukua karibu robo saa. Alipomaliza aliweka jina lake chini, kamili, jina la baba na la babu, akamrudishia.

Baba, kungoja: dakika hamsini.
Ufunguo na friji: saa moja, dakika ishirini.
Kungoja gari lililokuwa limeegeshwa: saa moja, dakika tano.
Barabara mbovu: dakika arobaini.
Muhuri: saa moja, dakika kumi.
Njia ya kuja hapa: saa moja na nusu.
Jumla saa sita, dakika thelathini na tano.
Damu ya watu, chupa nne.
Kizazi, kimoja.
Abdia, miaka ishirini na sita.